Kaburi la Baba na Matabaka ya Olduvai

Baba yangu alifariki mwezi Julai mwaka 1988, nasi tukamzika nyumbani, kando ya shamba la mahindi ambalo aling'oa visiki vyake kwa mikono yake alipohamia Karatu kutoka Mbulu. Vijana wa jirani walianza kuchimba kaburi alfajiri. Mimi nikiwa mfiwa sikuachiwa jembe. Niliketi juu ya gogo nikitazama.

Udongo wa kwetu ni mwekundu. Shimo lilipofika kiunoni, sururu ya kijana mmoja iligonga kitu. Akainama, akatoa vigae vya chungu, na baada ya vigae yakaja majivu na vipande vya makaa. Vigae vile vilikuwa na nakshi za mistari ambazo hakuna mama hata mmoja kati ya waliokuwapo aliyeweza kuzitambua. Baba mdogo alivipokea, akavigeuzageuza, akasema, "Hapa walikaa watu." Kisha akaviweka pembeni kwa adabu, na vijana wakaendelea. Chini ya majivu udongo ulibadilika ukawa wa rangi ya manjano. Huko chini, katika udongo wa manjano, ndiko tulikomlaza baba.

Nikiwa pale nimeinamisha kichwa niliona mambo mawili. La kwanza, baba yangu aliyekufa juzi alikuwa amelala chini ya chungu cha watu waliokufa zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. La pili, tulipofukia, udongo haukurudi kama ulivyokuwa. Ule mwekundu na ule wa manjano ulichanganyika, na katika mchanganyiko ule viliingia vigae vingine vidogo ambavyo hakuna aliyeviona.

Mimi ni mwalimu wa historia, na wakati ule nilikuwa nimefundisha kwa miaka kumi na miwili. Kila mwaka niliwaambia vijana wa kidato cha kwanza kwamba katika ardhi kilicho chini ni cha kale na kilicho juu ni cha karibuni. Niliwaandikia ubaoni, nao wakanakili. Siku ile nilitazama kaburi la baba likiipinga kanuni yangu, nikakumbuka jambo nililolitenda mwaka 1979, na fadhaa niliyoipata haikutokana na msiba peke yake.

Ndugu msomaji, niruhusu nilieleze jambo hilo, kwa kuwa bila hilo makala haya yangekuwa somo la darasani tu.

Mwaka 1979 Karatu ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Katika kijiji kimoja palikuwa na ubishi juu ya kipande cha ardhi. Mkulima mmoja wa kabila langu, Mwiraqw, alitaka kukilima kwa trekta. Katikati ya kipande hicho palikuwa na tuta la udongo lililozungukwa na mawe. Mzee mmoja wa Kidatoga, wale ambao wengi huwaita Wamang'ati, jina ambalo wao wenyewe hawakujipa, alisema tuta lile ni kaburi la babu yake na lisiguswe. Mkutano wa kijiji ukaitishwa, nami nikaalikwa, maana mwalimu wa historia ndiye aliyedhaniwa kuyajua mambo ya kale.

Nilikwenda nikiwa na kichwa kilichojaa vitabu. Nilikuwa nimesoma juu ya makaburi ya mawe katika Kreta ya Ngorongoro, yaliyochimbwa tangu wakati wa Wajerumani na baadaye na Louis na Mary Leakey, ambamo yalikutwa mabakuli ya mawe. Nilikuwa nimesoma pia mawazo ya Mmarekani George Peter Murdock, ambaye katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1959 juu ya watu wa Afrika aliwaweka Wakushi fulani wa kale, mafundi wa mawe, akawapa sifa ya matuta, mifereji na makaburi ya mawe ya Afrika Mashariki. Niliyaunganisha haya yote. Nikasimama, nikasema kwamba mawe kama yale ni ya watu wa zamani mno, wa miaka elfu mbili iliyopita, na kwamba hilo limethibitishwa na sayansi.

Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mawe yale tuliyakuta. Lakini anayelala pale ni babu yangu. Udongo wa juu ulibebwa na watu wa baba yangu, nami nilikuwa mtoto, nikabeba."

Nikamjibu, "Mzee, kama ni kaburi la juzi, mbona lina mawe ya kale?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akanishukuru kwa niaba ya mkutano. Wiki iliyofuata trekta lilipita, na yule mkulima aliniletea debe la maharage nyumbani, nikalipokea. Sikuwa nimekwenda hata mara moja kulitazama lile tuta, ingawa halikuwa mbali na mahali tulipokutania.

Miaka tisa baadaye, pembeni mwa kaburi la baba, ndipo nilipoona kwamba mzee yule alikuwa ameniambia jambo linalowezekana kabisa. Mawe yanaweza kuwa ya kale na kaburi likawa la juzi, vyote mahali pamoja. Nilikuwa nimeona umri wa kitu kimoja, nikaupa kila kilichokuwa karibu nacho.

Mwaka 1991 niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Olduvai. Kutoka Karatu gari hupanda hadi lango la Ngorongoro, hupita ukingoni mwa Kreta penye ukungu na baridi, kisha huteremka kwenye uwanda mkavu wa Wamasai. Huko ndiko liliko korongo ambalo jina lake limetokana na oldupai, jina la Kimasai la mkonge wa mwituni, lililoandikwa vibaya na Wajerumani waliofika mwanzo. Ukisimama ukingoni unayaona matabaka kama kurasa za kitabu kilicholazwa: chini mawe meusi ya volkano, juu yake tabaka la kwanza na la pili, kisha tabaka la tatu lenye wekundu usioweza kusahaulika, na mengine juu yake. Mwelezaji alitusimulia habari za fuvu la Zinjanthropus, na wanafunzi wakafurahi. Mimi nilivutiwa zaidi na habari nyingine aliyoigusa kwa maneno machache tu, habari ya mifupa ya mwaka 1913. Niliporudi niliitafuta vitabuni, na tangu hapo imekuwa mwalimu wangu.

Mwaka 1911 daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alichukua Olduvai mifupa ya wanyama iliyogeuka mawe, akaipeleka Berlin. Kwa ajili hiyo mwaka 1913 akatumwa Hans Reck, mtaalamu wa miamba na volkano. Reck aliyapanga matabaka ya korongo na kuyapa namba, kazi iliyowafaa wote waliomfuata. Kisha katika tabaka la pili ilionekana mifupa ya mtu mzima, amejikunja, ameshikwa na udongo mgumu kiasi kwamba ilibidi atolewe kwa nyundo na patasi. Katika tabaka lile lile kulikuwa na mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Reck aliangalia dalili za shimo la kaburi, asizione. Akahitimisha kwamba mtu yule ni wa umri wa tabaka alimolala, yaani wa kale kupita kiasi, ingawa mifupa yenyewe ilikuwa kama ya binadamu wa leo. Magazeti ya Ulaya yakapokea habari hiyo kwa kishindo mwaka 1914.

Wapo waliotilia shaka, wakasema lile ni kaburi lililochimbwa baadaye. Louis Leakey mwanzoni alikuwa miongoni mwao. Lakini mwaka 1931 alikwenda Olduvai pamoja na Reck, akaonyeshwa mahali penyewe, akageuka. Yeye, Reck na Hopwood waliandika katika jarida la Nature wakiunga mkono umri ule mkubwa. Hawa walikuwa watu makini, waliofika mahali na kutazama kwa macho yao. Hata hivyo walikosea.

Ukweli ulitokea upande ambao wengi hawakuutazama. Mtaalamu wa miamba, P. G. H. Boswell, aliuchunguza udongo ulioganda kwenye mifupa ile, uliokuwa umehifadhiwa Ujerumani. Ndani yake alikuta vijiwe vyekundu kama vya tabaka la tatu, na vipande vya chokaa kama vya tabaka la tano. Sasa fikiri, msomaji: udongo wa tabaka la pili ungepataje vijiwe vya matabaka ambayo yalikuwa bado hayajawekwa? Ni kwa njia moja tu. Mtu alichimba, na alipofukia, udongo ukachanganyika. Mwaka 1933 Leakey, Reck na wenzao waliandika tena katika Nature, wakakiri kwamba mifupa ile iliingizwa katika tabaka la pili kwa kuzikwa.

Niliposoma hayo nilikiona kile chepeo kikirudisha udongo mwekundu na wa manjano juu ya jeneza la baba. Boswell alikuwa ameona katika punje za udongo kile nilichokiona mimi nikiwa juu ya gogo.

Wanafunzi wangu walikuwa na desturi, na nadhani wengi wetu tunayo, ya kudhani kwamba nadharia ni maneno ya kubahatisha na sayansi ni vipimo vya kweli. Kwa desturi hiyo, siku kipimo kinapofika nadharia inatakiwa ikae kimya. Habari ya Olduvai inaonyesha kuwa sivyo. Vijiwe vyekundu vilikuwa vimegandamana na mifupa tangu 1913, na havikusema neno, kwa sababu hakuna aliyeviuliza. Ni ile nadharia ya wapinzani, kwamba huenda hili ni kaburi, ndiyo iliyompa mtu sababu ya kuuchunguza udongo. Na nadharia hiyo nayo ingebaki ubishi wa mezani kama isingepata kipimo cha kuiamua.

Mfano mwingine ni wa huko huko. Mwaka 1913 Reck alikaa Olduvai kwa muda wa miezi kadhaa na hakuona zana ya mawe hata moja. Mwaka 1931 Leakey aliweka naye dau la pauni kumi kwamba ataiona kabla ya saa 24 kwisha, naye akashinda. Reck hakuwa kipofu. Alikuwa akitafuta zana za gumegume, jiwe ambalo watu wa kale wa Ulaya walilitumia, kumbe watu wa Olduvai walichonga mawe ya volkano na mengine ya hapo hapo. Zana zilikuwa miguuni pake. Alichokosa ni wazo la kumwambia kwamba hata mawe yale yanaweza kuwa zana.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona Olduvai lile fuvu maarufu la Zinjanthropus. Louis Leakey alilikadiria kuwa na miaka kama 600,000. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Marekani wakapata umri wa miaka milioni 1.75, na dunia ikashangaa. Walitumia njia ya potasiamu na agoni. Majivu ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana. Mwamba unapoyeyuka kwa moto wa volkano gesi ya awali hutoroka, ukipoa gesi mpya huanza kujikusanya. Mtaalamu hupima gesi iliyokusanyika, akahesabu miaka tangu siku ya moto ule. Majivu ya Olduvai yalitoka katika volkano za nyanda hizi hizi za Ngorongoro, ambazo sisi tunaziona kila asubuhi.

Lakini zingatia kilichopimwa. Kilichopimwa ni majivu, si fuvu. Kutoka umri wa majivu hadi umri wa fuvu kuna daraja, na daraja hilo ni hoja: kwamba fuvu liliwekwa pale pamoja na majivu, wala halikuingizwa baadaye. Kwa Zinjanthropus hoja hiyo ni imara, maana uchimbaji ulifanywa kwa uangalifu na kila kitu kiliandikwa mahali pake. Kwa yule mtu wa 1913 daraja lilikuwa bovu. Kama mtu angeyapima majivu ya tabaka la pili kwa mashine bora kuliko zote, akapata namba isiyo na kasoro, angepata umri sahihi wa majivu na umri wa uongo wa mtu. Mashine ingekuwa imesema kweli, na msemaji angekuwa amekosea. Mimi mwaka 1979 sikuwa na mashine, lakini kosa langu lilikuwa la aina hiyo hiyo.

Tena namba nayo ina mwenyewe. Yule mtu wa Olduvai alikuja kupewa umri wa miaka 17,000 hivi kwa njia ya kaboni, katika makala ya mwaka 1974 ya Mjerumani Reiner Protsch. Mtaalamu huyo huyo aliyapa mafuvu yaliyookotwa na Ludwig Kohl-Larsen kando ya Ziwa Eyasi katika miaka ya 1930 umri wa miaka 35,000 hivi. Katika miaka ya 1980 Michael Mehlman, ambaye alikuwa amechimba upya pango la Mumba karibu na ziwa hilo, alilinganisha udongo wa pango na udongo wa ufukoni, akaonyesha kwamba mafuvu yale lazima yawe ya zamani zaidi kwa mbali, zaidi ya miaka 100,000. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Frankfurt kilimstaafisha Protsch kwa nguvu baada ya uchunguzi kuona kwamba kwa miaka mingi alighushi matokeo ya vipimo. Sisemi kwamba namba ya Olduvai ni ya uongo. Kwamba lile ni kaburi kulithibitishwa na udongo miaka arobaini kabla yake. Nasema tu kwamba namba huvaa suti nzuri, nasi wanakijiji huipisha mlangoni bila kuiuliza inatoka kwa nani.

Kuna watakaosema: kama ni hivyo, basi kila mtu na aamini lake, maana wataalamu nao hubishana. La hasha. Ubishi wa namna hii hauendi duara, unasonga mbele. Mary Leakey alipochimba mahali pa Zinjanthropus alikuta maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama na mawe yaliyochongwa, akapaita sakafu ya makazi ya watu wa kale. Mwaka 1981 Mmarekani Lewis Binford akashambulia wazo hilo, akasema huenda mifupa mingi ni mabaki ya wanyama wakali, na binadamu tumejipachika tu kwenye karamu ya wengine. Mwaka huo huo Henry Bunn, na pia Richard Potts na Pat Shipman, walitangaza walichokiona juu ya mifupa ile: alama za kukata zilizoachwa na mawe, na kwenye baadhi ya mifupa meno ya wanyama pia. Mifupa ilikuwa kabatini miaka yote hiyo. Swali lilipokuwa kali, watu wakaitia chini ya hadubini. Bado wanabishana nani alitangulia kuila nyama ile, lakini hakuna tena anayebisha kwamba mkono wenye jiwe ulikuwapo.

Au tazama Laetoli, kusini ya Olduvai, ndani ya hifadhi hiyo hiyo ya Ngorongoro. Nyayo mashuhuri za mwaka 1978 zinajulikana na kila mwanafunzi: viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Wachache wanajua kwamba mwaka 1976 zilionekana nyingine, tano tu, za umbo la ajabu, mwendo wa kupishanisha miguu. Baadaye ikapendekezwa kwamba huenda ni za dubu aliyesimama, nazo zikasahaulika. Mwaka 2019 watafiti, akiwamo Mtanzania Charles Musiba, walizifukua upya, wakazisafisha na kuzilinganisha na nyayo za dubu, sokwe na watu. Mwezi Desemba 2021 walitangaza katika Nature kwamba si za dubu. Ni za jamaa wa ukoo wa binadamu, tena si wa aina ile iliyoacha nyayo za 1978. Kwa zaidi ya miaka arobaini nyayo zile zililala chini ya mchanga zikingoja mtu asiyeridhika na jibu la kwanza.

Na wale Wakushi wa Murdock, ambao niliwatoa kifua mbele katika mkutano? Watafiti waliokuja baada yake, kama John Sutton, walionyesha kwamba mabaki ya mawe ya nchi hizi si ya watu wamoja wala wakati mmoja. Mashamba ya umwagiliaji ya Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini yetu, ni ya karne ya 15 hadi ya 18. Makaburi ya mabakuli ya mawe yana miaka zaidi ya elfu mbili. Kuyatia yote katika kapu moja kwa sababu ni mawe ni kama kusema nguo zote nyeupe ni za mtu mmoja. Tena wazo lenyewe lilikuwa na babu yake: ile nadharia ya Wahamiti, iliyoenezwa na C. G. Seligman katika kitabu chake cha mwaka 1930, kwamba kila chenye ustaarabu Afrika kililetwa na wageni wa damu ya juu. Lugha yetu Wairaqw ni ya Kikushi, na nakiri kwamba kijana kama mimi alisikia raha kuambiwa kuwa mawe yote ni ya wazee wake. Sikuichagua nadharia ile kwa sababu ya ushahidi. Niliichagua kwa sababu ilinipendelea, kisha nikaivisha jina la sayansi ili mzee wa watu ashindwe kujibu.

Mwaka 1992 nilimtafuta yule mzee. Jamaa zake walikuwa wamehamia upande wa Eyasi. Nilishuka kwa lori la vitunguu hadi Mang'ola, nikatembea nusu siku, nikampata mwanawe. Mzee alikuwa amekwisha kufariki. Nikaketi, nikajitambulisha, nikaeleza kisa chote, pamoja na lile debe la maharage. Sikutaka kuficha kitu.

Mwanawe alikaa kimya muda mrefu, akichora chini kwa fimbo. Kisha akasema, "Baba alilitaja jambo hilo. Hakusema kwamba wewe ni mwongo, Mwalimu. Alisema hukuja kuangalia."

Alinipa maziwa, nikanywa, nikaondoka. Tuta halikuwapo tena, na hakuna kipimo cha kulirudisha. Kama lingekuwapo, mtu mwenye subira angeweza kutenganisha udongo uliobebwa na yule mtoto na mawe waliyoyakuta, na huenda wote wawili, mzee na vitabu vyangu, wangeonekana wana sehemu ya ukweli. Trekta lilichanganya kila kitu katika asubuhi moja, kwa neno langu.

Baada ya hapo nilibadili somo langu la kidato cha kwanza. Sikuifuta kanuni ya matabaka, kwa kuwa ni kweli na bila hiyo Olduvai ingekuwa shimo tu. Niliongeza chini yake maswali matatu, nayo niliyaandika ubaoni kila mwaka hadi nilipostaafu: Kilichopimwa ni nini hasa? Nani anasema kwamba kitu hiki ni cha udongo huu? Na kama si hivyo, tungeona nini? Wanafunzi wengine waliona maswali hayo ni mzigo. Wachache walikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma akiolojia, na mmoja wao alipokuja kunisalimu alitaka kuviona vile vigae vya kaburi la baba, ambavyo baba mdogo aliviweka katika kibuyu kilichopasuka.

Nilimwonyesha. Aliuliza vilitoka kina gani, upande upi wa kaburi, na juu ya udongo wa rangi gani. Niliweza kumjibu yote, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimetazama. Akaandika, akavirudisha kibuyuni, akaniambia kwamba hawezi kusema ni vya lini mpaka aone vingine vya mahali hapa.

Nilifurahi kumsikia akisema hivyo.